Sauti ya Mumbua

Tangu kiharusi kimpige, Mumbua hakuweza kutamka neno. Upande wa kulia ulilegea na ulimi ukawa mzito. Lakini sauti yake ilikuwako ndani ya kompyuta ya binti yake Kalondu, mwalimu wa shule ya msingi pale Mwingi. Zamani kidogo Kalondu alikuwa amemrekodi kwa simu akiimba nyimbo za mwethya, zile ambazo akina mama waliimba wakichimba matuta ya shamba kwa pamoja. Mumbua ndiye aliyekuwa akianzisha, wenzake wakiitikia. Simu yenyewe iliibwa baadaye, nyimbo zikiwa zimeshahamishiwa kwenye kompyuta.

Kila Jumapili baada ya kanisa, mama alinyoosha mkono wa kushoto kuelekea mezani. Kalondu akawasha kompyuta ili asikilize nyimbo zake. Mashine ilichelewa kuwaka hadi mama akadhani amenyimwa, machozi yakamtoka.

Ndiyo maana Kalondu akamwita Yakub, fundi mwenye duka karibu na stendi.

"Mwalimu, mashine haina ubaya," Yakub alisema alipokwisha kuifungua na kupuliza vumbi. "Hii diski ya kuzunguka ndiyo imezeeka. Tutaweka SSD, diski mpya isiyozunguka, tuhamishe kila kitu huko. Ukibonyeza tu, imewaka."

"Na nyimbo za mama?"

"Hizo nazo. Umeziweka mahali pengine?"

"Ziko hapo tu."

Yakub alisita. "Basi wacha nianze na hizo."

Aliunganisha SSD, kitu chembamba kidogo kuliko simu, akaanza kunakili. Mstari wa kijani ulisogea kidogo kwenye skrini, ukasimama. Ndani ya mashine kukasikika tik, tik, tik.

Yakub akaizima haraka. Akaacha diski ipoe, akabadilisha waya, akawasha tena. Safari hii kompyuta haikuiona diski kabisa.

"Fanya kitu, Yakub."

"Nafanya, Mwalimu." Lakini mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, akiwatazama.

Diski ilipelekwa Nairobi kwa watu wanaookoa vitu vilivyopotea. Iliporudi, Yakub alikuja mwenyewe kutoa habari.

"Wamesema imekwaruzika ndani. Hakuna cha kutoa. Pole sana, Mwalimu. Labda ningesema tuiache vile ilivyokuwa..."

"Ingekufa tu siku nyingine," Kalondu akamjibu. Alitamani kumkasirikia mtu, akakosa wa kumkasirikia. Yakub akaweka Windows mpya kwenye SSD, akafunga skrubu na kuondoka akiwa ameinamisha kichwa.

Jumapili mama akanyoosha mkono. Kalondu akabonyeza, na kabla hajavuta kiti skrini ilikuwa imewaka. Mama akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Akaegemea, akangoja.

"Mwaitu, mama yangu, nyimbo zimepotea. Diski imekufa."

Mkono ukabaki juu. Kalondu akarudia kwa Kikamba, polepole, kama anavyowaeleza watoto darasani. Mkono haukushuka.

Basi akaanza kuimba mwenyewe. Ubeti wa kwanza aliujua. Wa pili akaubahatisha, na mama akatikisa kichwa. Akabadilisha maneno. Mama akatikisa kichwa tena.

"Ni vipi basi, mwaitu?"

Mama akafungua mdomo. "Aa... aa..." Taya likatetemeka. Akapiga paja kwa mkono wa kushoto, mapigo ya jembe, akanyamaza, akapiga tena akimkazia macho binti yake. Kalondu akafuata mapigo yale. Mdundo aliushika. Maneno hakuwa nayo, na aliyekuwa nayo alikuwa ameketi mbele yake huku mate yakimdondoka kidevuni.

Akampangusa kwa leso. Kisha akarudia ubeti wa kwanza, akaurudia tena. Mama aligeuza uso kuelekea uani na hakupiga paja tena.