Vitufe Visivyo na Majina

Tangu asubuhi fundi wa tovuti alikuwa hatulii, kama aliyekalia siafu. Mtu alikuwa ameingia kwenye kamusi yao ya mtandaoni, ile ambayo yeyote aliruhusiwa kuandika na kusahihisha, akafuta ukurasa mzima wa maneno ya ufinyanzi. Ukarudishwa. Ukafutwa tena.

"Huyo mharibifu," mkuu wake alisema. "Mfungie akaunti."

Fundi akamfungia.

Mchana alipita kula kwa dada yake, mwalimu asiyeona tangu utotoni. Nyumbani walimwita Chiriku kwa kupenda kusema, lakini leo alikuwa akiizunguka meza kimya.

"Dada, vipi?"

"Nimefukuzwa kwenye kamusi yenu. Nilitaka kuongeza maneno ya bibi, yale ya vyungu vyake. Eti mharibifu!"

Fundi akalirudisha tonge sahanini.

"Hebu nionyeshe ulivyofanya."

Chiriku akawasha kompyuta. Sauti inayomsomea yaliyomo kwenye skrini ikaanza: "Kitufe. Kitufe. Kitufe."

"Cha kuhifadhi ni kipi?" fundi akauliza.

"Umevitengeneza wewe, waniuliza mimi?"

Vilikuwa picha tupu: kalamu, alama ya tiki, pipa la taka. Mwenye macho aliliona pipa akalikwepa. Chiriku alibahatisha, akabonyeza pipa akidhani anahifadhi.

"Dada, niliyekufungia ni mimi."

"Bila kuniuliza?"

"Bila kukuuliza."

"Hata mwizi wa kuku husikilizwa kwanza, mdogo wangu."

Chakula hakikumalizwa. Fundi alirudi kazini nusu akikimbia, akamweleza mkuu.

"Tuzindue toleo jipya kwanza, hayo baadaye," mkuu akasema. "Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwandishi tulikuwa naye, tukamfukuza."

Mkuu akakuna kichwa. "Haya, fanya. Ila usinivunjie tovuti."

Fundi akaifungua akaunti ya dada yake, akakipa kila kitufe jina. Kisha akaifunika skrini kwa koti, akajaribu kwa masikio. Alipotea humo humo alimojenga mwenyewe.

Simu ikaita.

"Vitufe sasa vinajitaja," Chiriku alisema. "Lakini mwandishi mwenzangu akiandika chochote, sauti inanirusha juu kabisa. Sentensi yangu inabaki huko chini, yatima."

Hilo halikuwa la kubandika majina tu. Fundi alifumua, akafuma, akaharibu, akafumua tena, huku dada yake simuni akimwambia, "Bado. Bado. Umezidisha, sasa haisomi kabisa!" Hatimaye ukurasa ukatulia: wengine wakiandika, sauti ilimnong'oneza tu kwamba fulani ameongeza neno, ikamwacha pale pale alipo.

"Nimehifadhi," Chiriku akasema.

Kabla fundi hajashusha pumzi, akasikia, "Ala! Nani huyu anayesema bibi yangu amekosea?"

"Mjibu humo humo, dada. Kila mtu ana haki."

Akakatiwa simu bila kuagwa. Kwenye skrini maneno ya Chiriku yakaanza kumiminika, makali na ya adabu. Fundi aliyasoma akitabasamu, kisha tabasamu likamtoka. Aliwaza ni wangapi wengine aliowafungia hivi hivi, wasio na mdogo wao ofisini.