Doa Jeupe Kifundoni

Msusi alipoliona doa jeupe kwenye kifundo cha mguu wa binti yake, hakuuliza mara mbili. Alimjia juu mama mkwe kwamba amemuunguza mtoto kwa kumkanda na maji ya moto. Ulimi wa msusi ukishawaka, hata mumewe hutafuta pa kujificha.

Mama mkwe hakujitetea. Ni kweli alikuwa akimkanda mjukuu kila asubuhi, baridi yabisi inapomkaza viungo. "Labda maji yalizidi moto, mwanangu. Nisamehe." Tangu hapo hakumgusa tena. Mtoto akimkimbilia, humwambia, "Nenda kwa mama yako," na kujitia ana shughuli jikoni.

Leo, kliniki, daktari alilitazama doa akatabasamu. "Hii ni ile dawa tuliyomchoma kwenye kiungo. Wakati mwingine hufifisha ngozi pale sindano ilipoingia. Mara nyingi rangi hurudi yenyewe, polepole. Si nilikwambia siku ile?"

Alimwambia, kweli. Msusi alikuwa akiitikia tu, ndiyo daktari, sawa daktari, huku akimwandikia mteja ujumbe kwenye simu. Sasa uso ulimwiva kwa aibu, hata kumtazama mwanawe akashindwa.

Njia nzima alitunga maneno mepesi, yasiyomgusa yeye. Alimkuta mama mkwe akikunja nguo.

"Mama, hukumuunguza. Daktari amesema ni sindano."

Mama mkwe alimshika bega. "Ahsante, mwanangu. Una moyo mzuri, unanifariji. Lakini kosa langu nalijua."

Msusi alitamani ardhi ipasuke immeze. Moyo mzuri, yeye! Angeweza kunyamaza hapohapo, mama mkwe aendelee kubeba kosa lisilo lake, tena kwa shukrani.

"Sikufariji, Mama," alisema. "Daktari alinionya kabla hajamchoma. Sikumsikiliza, nilikuwa kwenye simu. Kisha nikakusingizia wewe."

Mama mkwe aliweka nguo chini. Alimwita mjukuu wake, akampakata, akalipapasa doa kwa kidole kimoja. Machozi yakamtoka.

"Asubuhi nilikuwa namsikia akilia kwa maumivu," alisema. "Nikawa najifungia chumbani, nisije nikamgusa."

Asubuhi zote hizo, msusi alikuwa keshaondoka kwenda saluni.