Kelele za Mashine ya Zamani

Siku mashine mpya ya kusaga ilipowashwa, watu walisimama na ndoo zao wakingoja ianze, kumbe ilikwisha kuanza. Msagaji alikuwa kando ya swichi, anawatazama, nao wanamtazama yeye. Ni unga ndio uliotoa habari: ulianza kudondoka ndani ya mfuko wa kitambaa, polepole, kama mtu anayemimina mchanga kiganjani.

"Haya, washa basi tuone," akasema Mama Pacha, aliyepewa jina hilo siku alipojifungua akabaki nalo hata wanawe walipoota ndevu.

"Nimewasha zamani!" Msagaji akajibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Hakuwa amezoea kusikika.

Watu wakacheka. Bi Kimya naye, aliyekuwa nyuma kabisa ya foleni, akatabasamu, akainua macho kwenye paa ambako paneli za jua zilikuwa zimelala zikiota joto. Alikuwa na haki ya kutabasamu. Kikundi cha mtaa kilipokutana kuamua kama dizeli iondoke, mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wake.

Mashine ya zamani ilikuwa na ubaya wake, na hakuna aliyeubisha. Iliponguruma, mabati yalitetemeka na meno ya mtu yakagongana. Moshi wake uliingia kwenye nguo zilizoanikwa, ukaingia dirisha la zahanati iliyotazamana nayo, ukaingia hata kwenye unga. Chakula kikiiva, tonge la kwanza lilinuka gereji. Ndani ya chumba kile cha kusagia hapakuwa na mazungumzo. Mteja alifika, akaonyesha kwa mkono: vidole vikikusanywa, anataka unga laini, vikitawanywa, anataka wa chenga. Msagaji alitikisa kichwa, akapokea ndoo, na kichwa kikaendelea kutikisika kwa mapigo ya injini, kutwa nzima.

Lakini kelele zile zilikuwa na jambo moja jema, na jambo hilo lilijulikana kwa Bi Kimya peke yake. Au ndivyo alivyoamini.

Jina la Bi Kimya alipewa na majirani. Tangu mumewe alipofariki alikuwa mtu wa salamu na kwaheri, na katikati hapana kitu. Hawakujua kwamba mwanamke yule alikuwa msimulizi. Enzi za mumewe, jioni ilipofika, mzee akishavua viatu, yeye humweleza siku nzima tangu asubuhi: nani kagombana na nani, nyanya zilivyooza, ndoto aliyoota. Mzee hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na neno lake moja, akilitia pale pale masimulizi yanapotaka kulegea: "Enhe, ikawaje?" Basi hapo yeye huendelea.

Mzee alipozikwa, neno lile lilizikwa pamoja naye, lakini masimulizi yalibaki hai kifuani na yalikuwa yakizidi kujaa. Nyumbani hapakuwa mahali pa kuyatolea. Alipanga chumba kimoja katika safu ya vyumba ambavyo kuta zake hazikufika kwenye bati. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, pole hutoka chumba cha mwisho. Ndipo siku moja, akiwa amesimama pembeni mwa mashine ile ya dizeli, akihisi kelele zimemfunika kama blanketi, akajikuta amesema kwa sauti yake kamili: "Mume wangu, leo nimeota unanunua viatu." Hakuna aliyegeuka. Yeye mwenyewe hakujisikia. Tangu siku hiyo akawa anasaga nafaka kidogo kidogo, apate sababu ya kurudi mara kwa mara, na mtaa ukasema Bi Kimya anapenda unga wa siku hiyo hiyo.

Sasa siku ile ya mashine mpya, zamu yake ilipofika, alifanya alivyofanya siku zote. Alikusanya vidole, akatoa ndoo, akaenda kwenye kona yake, akaegemea ukuta uliokuwa na doa la mgongo wake, akafumba macho. Miguu ilijua njia na ulimi nao ulijua njia. Masikio ndiyo yaliyochelewa.

"Mume wangu," akasema, kwa sauti ya kushindana na injini, "jana sikupata mtu wa kuongea naye. Nilimwamkia paka wa Mama Pacha, akanigeuzia mkia. Nikamwambia, hata wewe? Najua utasema, enhe, ikawaje. Haikuwa kitu. Nilimpa maziwa, akanywa, akaondoka kama watu wengine."

Mama Pacha alianza kucheka, kwa ajili ya paka. Kicheko kikamfia mdomoni.

Bi Kimya akafumbua macho. Unga ulikuwa bado unadondoka, na mdondoko wake ulisikika.

"Anaongea na nani?" akauliza msichana mmoja mwenye simu.

"Nyamaza," akaambiwa kwa kunong'onezwa.

Na hilo "nyamaza" ndilo lililomchoma. Kuchekwa angevumilia, kuonewa huruma kulimzidi nguvu. Akapita katikati yao bila kutazama mtu, akatoka, akaacha ndoo, akaacha na unga.

Jioni alisikia hatua mlangoni, na kitu kikitua chini.

"Bi Kimya, unga wako huu hapa," Mama Pacha akasema. Akasubiri. "Na yule paka nimemgombeza. Nimemwambia hana adabu."

Bi Kimya alikuwa ameketi kitandani, mkono mdomoni. Alisubiri hatua ziondoke. Ziliondoka, lakini si haraka.

Toka siku hiyo akawa kimya kweli kweli. Zamani jina lilikuwa shati la kuazima, sasa likamkaa mwilini. Mambo ya siku yalimjia, akayameza. Bomba lilikauka, akameza. Mpangaji wa chumba cha pembeni alifunga taa ya sola iliyomulika uwanja mzima, kuku wakakataa kulala wakidhani bado jua, akalimeza na hilo, ingawa lilikuwa la kuchekesha, na lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Mzee angelipenda.

Unga ulipokwisha alichukua ndoo akavuka daraja, akaenda ng'ambo, kwenye kinu kilichokuwa bado kinatumia dizeli. Magoti yalilalamika njia nzima. Alipousikia mngurumo kwa mbali moyo ulimruka kama wa mtu anayekwenda kupokea mgeni. Akaingia, akatafuta kona, akaegemea, akafumba macho.

"Mume wangu," akaanza.

Moshi ukaingia kabla neno la pili halijatoka. Akakohoa mpaka machozi. Akajaribu tena. Kijana wa kinu, visikilizi vya simu vikiwa vimeziba masikio yake, akampungia mkono asogee asije akanaswa na mkanda wa mashine. Akasogea. Kelele zilikuwa zile zile, kubwa vile vile, na bado masimulizi hayakutoka. Palikuwa na kitu kimepungua, naye hakukijua ni nini. Akakitafuta ukutani, akakitafuta kwenye paa. Kisha akamwona kijana yule amesimama wima, kichwa kimetulia, anatazama nje. Ndipo akakumbuka kichwa cha Msagaji kilivyokuwa kikitikisika, taratibu, sambamba na injini. Siku zote, akishaanza kusimulia, alikuwa anafumbua macho kidogo akikiangalia kichwa kile kwa pembe ya jicho.

Alirudi na unga ambao tonge lake la kwanza lilinuka gereji. Akala huku anajionea haya. Mkono uliopiga kura kuuondoa moshi huo, bila kuzikumbuka kelele, ndio huo huo uliokuwa unamega.

Aliporudi kwa Msagaji alichagua siku ya mawingu. Kila mtu mtaani alikwisha kujifunza kwamba mawingu yakitanda mashine ya jua huzorota, na wakati mwingine husimama kabisa, hivyo watu hungoja majumbani. Alitaka kuacha ndoo mlangoni na kuifuata baadaye, asionane na mtu. Msagaji alikuwa ameketi nje kwenye benchi, peke yake, nywele nyeupe. Haikujulikana ni uzee au ni unga.

"Dada, nilidhani umehama."

"Magoti yalikuwa yananiuma, kaka."

"Magoti yaliyovuka daraja?"

"Nani kakuambia nimevuka daraja?"

"Ndoo yako. Inanuka dizeli hadi huku."

Bi Kimya akageuza uso upande wa barabara, akasema kwa hasira kidogo kwamba mtu ana uhuru wa kusaga anakotaka.

"Geuka, dada," Msagaji akasema. "Ukinipa kisogo ni kama hujasema. Ile mashine ilikula masikio yangu. Mimi nasikia kwa macho."

Akageuka. "Unasikiaje kwa macho?"

"Natazama mdomo. Mtu akikaa kwenye kelele maisha yake yote, atafanya nini? Mwanzo nilijua maneno ya wateja tu. Baadaye nikajua yote."

Maneno yale yalimfikia Bi Kimya moja moja, kama watu wanaoshuka ngazi. Alipolipokea la mwisho, aliketi, kwa sababu magoti sasa yalikuwa yanauma kweli.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani."

"Ile ndoto ya viatu?"

"Vilikuwa vya kahawia. Ukasema vinambana, naye hataki kukubali."

Bi Kimya akavuta ncha ya mtandio, akaziba mdomo wake, akaushikilia hapo kwa mkono. Upepo ulipita na karatasi.

"Sasa umenifungia mlango," Msagaji akasema.

Akaushusha mtandio, kwa ajili ya kumgombeza. "Hayo yalikuwa mambo ya mtu na mumewe! Mbona hukuniambia? Ungetazama pembeni basi!"

"Ningekuambia ungenyamaza." Msagaji akasugua viganja vyake, unga ukaruka. "Wengine walikuwa wananionyesha vidole. Laini, chenga, laini, chenga. Jioni naingia chumbani kwangu, nafunga mlango. Nilijua yale si yangu, dada. Lakini njia yake ilipita kwangu, na mimi nilikuwa nimeketi njiani."

Bi Kimya alitafuta hasira iliyokuwapo sasa hivi, akaona bado ipo, lakini imekaa vibaya, kama mzigo uliohama upande mmoja. Yule mtu alijua nyanya zilizooza na magomvi ya mtaa na ndoto zote. Alijua zaidi ya majirani wote waliosikia chafya zake. Na hakuwahi kumwambia mtu, wala kumtazama kwa huruma. Alitikisa kichwa tu.

"Kichwa chako," akasema mwishowe. "Nilidhani ni injini."

"Wakati mwingine ilikuwa injini," Msagaji akakiri.

Wingu likapasuka. Mwanga ukashuka barabarani wote kwa pamoja, na kama vile umepiga kengele, milango ikafunguka na ndoo zikatoka. Bi Kimya alitaka kuinuka aende, ila Mama Pacha alikwisha kufika, akatua ndoo yake, akamwangalia, akasema lililokuwa karibu.

"Shikamoo. Paka anakusalimia."

"Marahaba," Bi Kimya akajibu. Kisha akaongeza, "Mwambie nimemsikia."

Wakaingia. Akakusanya vidole. Msagaji akapokea ndoo kana kwamba ni siku yoyote, mashine ikaanza bila kumsalimia mtu, nafaka ikashuka. Kona yake ilikuwa wazi. Hakuna aliyekuwa amesimama pale, na hilo aliliona. Hakwenda kuegemea. Alikaa kwenye ukingo wa benchi la ndani, mtandio umemfika kwenye pua. Msichana mwenye simu akamsogelea kidogo kumpisha mwingine, mabega yao yakagusana, na hakuna aliyeondoa lake.

Kabla ndoo haijaisha, kivuli kikapita juu ya paa. Sauti ndogo ya mashine ikashuka, ikawa kama ya mtu anayesinzia, ikakatika. Unga ukadondoka mara ya mwisho. Wakakaa na ndoo zao wakingoja wingu, na kimya kikawa kikubwa hata tumbo la mtu lilipolia watu wote walijua ni la nani.

Bi Kimya alihisi wale kuku waliokataa kulala wanampanda kifuani. Akatazama sakafu. Akatazama doa la mgongo wake ukutani. Alipoinua macho, Msagaji alikuwa amehama. Alikuwa amekwenda kusimama upande wa pili, mkabala naye, mahali pa kuuona uso wake vizuri. Hakutoa sauti. Alichezesha midomo tu, polepole, kama mtu anayesoma kwa mara ya kwanza.

Bi Kimya hakuwa amejifunza kusikia kwa macho. Lakini neno lile alilijua umbo lake.

*Enhe, ikawaje?*

Wingu lilikuwa bado limetanda. Akashusha mtandio.