Nyuma ya Bega la Kulia

Nyamera mmoja ndiye aliyemtia Gisa kiburi. Alisimama juu ya kichuguu kule mbuga ya Akagera, shingo wima utadhani askari wa gwaride, na Gisa akamsogelea hatua kwa hatua mpaka akawa anamsikia anavyotafuna. Mnyama hakukimbia, wala sikio hakutikisa. Gisa akabonyeza kamera mara thelathini, akajiambia kwamba kuna watu huzaliwa na kipaji na kuna wengine huzaliwa na sura nzuri, ila yeye Mungu alishindwa kuchagua akampa vyote.

Baada ya nyamera alitokea twiga. Baada ya twiga, kiboko aliyetoka majini jua likiwa kali, akasimama ukingoni akadondosha matope. Wote walimngoja amalize. Dereva, ambaye kwa miaka kumi na miwili alikuwa akipeleka wageni humo, alishusha kioo cha gari.

"Ariko wewe, unawapa nini hawa wanyama?"

"Heshima, mzee," Gisa alijibu. "Ninyi mnawapigia honi."

Jambo ambalo hakumwambia dereva ni kwamba siku ileile, saa zilezile, watu wa ukoo wake walikuwa wamekaa Busanza wakimsubiri.

Mjomba wake Norman alikuwa amefariki siku nane kabla. Norman alikuwa na studio ya picha pale Muhima mjini Kigali, picha za pasipoti na za harusi, na Gisa alikuwa msaidizi wake tangu alipomaliza sekondari. Siku hiyo ya nane ilikuwa ya kumaliza matanga, na kwenye ukoo wao jambo hilo lina utaratibu wake. Anayerithi kazi ya marehemu hukalishwa kwenye kigoda cha marehemu. Mjane humkabidhi chombo cha kazi mkononi, naye hunywa funda moja la pombe ya mtama. Hapo ndipo marehemu huhesabiwa kwamba ameruhusiwa kupumzika. Kabla ya hapo chombo hakiguswi. Jembe litalala, cherehani itafunikwa.

Kamera ya Norman ilikuwa imetundikwa kwenye msumari studio. Gisa aliitungua siku ya tatu.

Aliitungua kwa sababu ya simu ya Bayingana. Bayingana ana kampuni ya kutembeza watalii yenye ofisi Kagarama, na alikuwa anatafuta mpiga picha wa kudumu, mtu wa kwenda mbugani kila wiki na kofia yenye jina la kampuni. Jaribio lilikuwa picha za kalenda. Gisa alikuwa ameiota kofia hiyo tangu yuko kidato cha nne. Watu wa Busanza walipopiga simu kumuuliza yuko wapi, alisema, "Niko njiani, anzeni bila mimi," na njia yenyewe ilikuwa imejaa pundamilia.

Wakaanza. Wakasali, wakala, wakanywa, wakaenda zao. Kigoda kikabaki kitupu.

*

"Iko safi," Bayingana alisema ofisini, akizipitia picha moja moja. "Rangi iko, mwanga iko. Lakini huyu anatazama nani?"

"Mimi, bosi."

"Hapana. Angalia jicho yake. Iko inapita pembeni. Na huyu pia. Na huyu twiga." Bayingana alivua miwani. "Ni kama kuna mtu nyuma yako anauza karanga."

Gisa alicheka. Bayingana hakucheka.

"Sikiza, kijana. Hizi nitazipanga ndani, miezi kumi na miwili. Lakini ya kwenye jalada, nataka mnyama anitazame mimi. Machoni kabisa, mpaka nione aibu. Niletee hiyo moja Ijumaa kabla watu wa kiwanda cha uchapaji hawajafunga, na kazi ni yako. Ukikosa, kuna kijana mwingine amenipigia."

Picha moja! Gisa alitoka pale akipiga mluzi. Mji mzima una macho. Alimpata tumbili juu ya ukuta wa kanisa. Akampata mwewe juu ya nguzo ya umeme Muhima, karibu kiasi cha kuhesabu manyoya ya kifua chake. Akawapata nguchiro watatu kando ya bonde, wamesimama kwa miguu ya nyuma na mikono vifuani kama wajumbe wa kikao. Wote walitulia. Wote walitazama mahali pamoja, nyuma ya bega lake la kulia.

Mara mbili aligeuka ghafla. Nyuma yake hapakuwa na kitu ila njia, na majani yaliyotulia. Mara ya tatu hakugeuka, kwa sababu manyoya ya shingo yake mwenyewe yalimwambia asigeuke.

Alhamisi alimpelekea Mukunde picha. Mukunde ni binti wa Norman, na ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kompyuta ya studio kusafisha picha za pasipoti. Kazi yake kubwa ilikuwa macho. Mtu akitazama pembeni hata kidogo, picha inakataliwa, na mteja anarudi na matusi. Kwa hiyo Mukunde alikuwa na jicho la kupima jicho.

"Hawa wote ningewarudisha," alisema. "Hakuna hata mmoja anayepata pasipoti."

"Tumbili hasafiri, sha."

"Nyamaza kidogo." Alikuwa amezipanga kwa tarehe, nyamera wa kwanza, paka wa ngazini pale studio wa mwisho. Paka huyo alikuwa wa jana. "Kaa hapa. Nyamera anatazama mtu aliye mbali nyuma yako. Hatua kumi, labda kumi na mbili. Unaona weupe wa jicho ulivyo? Twiga, hatua nane. Mwewe, tatu au nne. Nguchiro..."

"Mukunde, hao ni wanyama. Wanatazama nzi."

"Na paka huyu." Aliinua mkono, akaupeleka polepole upande wa kulia wa uso wa Gisa, akausimamisha kando ya sikio lake. "Hapa."

Nje mtu alikuwa anabishana bei ya viatu.

Gisa alipajua pale. Kwa miaka minne, kila alipokuwa nyuma ya kamera na mteja amekaa kwenye kigoda, Norman alisimama papo hapo, nyuma ya bega la kulia, mrefu, na kofia yake nyekundu. Wateja walikuwa wakimtazama yeye badala ya lenzi. Mukunde alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye kompyuta, "Baba, toka hapo, unatuharibia macho ya watu!" Naye Norman hucheka tu, hatoki. Gisa akichelewa kubonyeza, mjomba husogea hatua moja. Akizidi kuchelewa, hatua nyingine. Mwishowe mkono wake hupita kando ya sikio la Gisa, anasema, "Leta," anachukua kamera na kusimama mahali pa Gisa.

"Hakuna aliyemwambia baba kazi imekwisha," Mukunde alisema. "Kamera iko inatembea, na yeye anaifuata."

"Basi tumwombee posho ya safari."

Mukunde alianza kuzifunga picha moja moja.

"Njoo nyumbani kesho," Mukunde alisema. "Mama ametunza kigoda. Pombe iko kidogo kwenye chupa. Ni dakika tano, Gisa."

"Kesho ni Ijumaa. Nipate kwanza picha yangu."

"Picha gani?"

"Ya mnyama kunitazama mimi."

Mukunde alimgeukia. "Siku mnyama atakapotazama lenzi sawasawa, baba atakuwa amefika kwenye lenzi. Hapo wewe utakuwa umesimama wapi?"

Gisa ni mtu ambaye hata padri akimuuliza dhambi zake humjibu kwa swali. Safari hii alining'iniza kamera begani, akatoka.

*

Ijumaa saa tano asubuhi alikodi pikipiki kutoka Muhima. Hakuwa amekata shauri. Alijiambia anakwenda Busanza kwa sababu huko chini ya maghorofa kuna bonde na ndege wengi, na kama akiwa hapo atapita kumsalimia mkaza mjomba, kuna ubaya gani?

Njiani dereva wa pikipiki alianza kugunaguna. Kwenye mlima wa Kagarama akasimama, akashuka, akakagua magurudumu.

"Bosi, una kilo ngapi?"

"Sitini na moja."

"Leo chombo iko nzito. Iko kama nimepakia wawili." Alitazama nyuma ya Gisa, kwenye kiti kitupu, akafuta jasho. "Polisi wakituona, wanatukamata."

Walipoondoka, mbuzi watatu waliokuwa wamefungwa kando ya barabara waliinua vichwa kwa pamoja. Gisa hakuwatazama. Alihisi tu mgongo wake una joto, joto la mtu aliyekaa karibu.

Vestine, mjane wa Norman, alimfungulia mlango kabla hajabisha. Ni mama mnene, mpole, aliyekulia Uganda, na toka msiba alikuwa amepungua sauti tu. Hakumlaumu. Kigoda kilikuwa katikati ya sebule, kilekile cha studio ambacho nusu ya Kigali imekikalia ili ipate pasipoti. Kando yake kikombe.

"Karibu, mwanangu. Umekuja naye?"

Gisa alidhani anamuulizia Mukunde, kumbe Mukunde alikuwa jikoni. Kisha akaona Vestine anaacha mlango wazi muda mrefu kidogo kuliko inavyohitajika kwa mtu mmoja kupita.

"Lete kamera nikukabidhi," Vestine alisema.

Hapo ndipo ndege alipotua. Alitua kwenye ukingo wa roshani, mdogo, mweusi na mweupe, mkia unapanda na kushuka. Inyamanza. Ndege wa nyumba, ambaye hakuna mtu anayemrushia jiwe, na akitua kwako watu hufurahi. Mwanga ulikuwa umemwangukia ubavuni. Nyuma yake bonde lote la kijani lilikuwa limefifia vizuri. Hata mtu asiyejua picha angejua kwamba lile ndilo jalada.

"Dakika moja tu, mama," Gisa alinong'ona.

"Gisa!" Mukunde aliita kutoka jikoni.

Lakini Gisa alikuwa amekwisha kuinua kamera. Ndani ya kamera ndege alijaa, kila unyoya mahali pake. Jicho lake dogo lilikuwa linatazama kando ya sikio la Gisa. Gisa alingoja. Mkia ulikoma kupanda na kushuka.

Jicho likaanza kusogea.

Lilisogea polepole, kama vile mtu anamfuata kwa macho mwingine anayepita mbele yake, kutoka sikioni kuja shavuni. Na kadiri lilivyosogea, kamera ilizidi kuwa nyepesi. Ilikuwa nyepesi hivi kwamba mikono ya Gisa haikuwa na kazi tena, kana kwamba kulikuwa na viganja vingine chini ya viganja vyake. Alisikia harufu ya sabuni ya kunyolea. Ilibaki hatua moja tu, jicho liingie katikati ya lenzi, na kofia ya Bayingana ni yake.

Yake nani? Wazo hilo lilimjia kwa utulivu wa ajabu. Alijaribu kuhisi miguu yake mwenyewe, akaipata mbali, nyuma, mahali pa msaidizi. Alikuwa ameanza kuiona sebule kutoka juu ya bega la mtu mwingine.

"Mjomba," alisema, na sauti yake ilitoka ndogo. "Sijakuomba ruhusa."

Akashusha kamera. Ilikuwa kazi kuishusha, ilibidi aivute kwenye hewa. Alirudi nyuma hatua tatu bila kutazama, akakaa kwenye kigoda, kisha akamnyooshea Vestine kamera kwa mikono miwili.

Vestine aliipokea. Aliifuta lenzi kwa ncha ya kitenge, bila haraka, akamrudishia mapajani.

"Kazi ya Norman imepata mtu," alisema, akitazama juu kidogo ya kichwa cha Gisa. "Umechoka, baba Mukunde. Pumzika."

Gisa akanywa. Pombe ilikuwa imeshachacha, ilimkata koo.

Pale roshani ndege alikuwapo bado. Kichwa chake kiligeuka taratibu, kikafuata kitu kilichovuka sebule na kutoka kwa mlango uliokuwa wazi. Halafu kuku wa chini ya ngazi wakanyamaza. Mukunde alikwenda kwenye roshani na mikono yenye unga. Vestine akamfuata.

"Yule mbuzi wa jirani anageuza shingo," Mukunde alisema kwa sauti ya chini. "Sasa ng'ombe wa kule kona. Anamwona." Kwenye mteremko kwarara waliokuwa wanadonoa majani waliinua midomo mirefu, mmoja baada ya mwingine kwa mstari, wote wakitazama barabara tupu inayoshuka bondeni.

Vestine aliinua mkono, akaupunga, kama unavyompungia mtu ambaye basi lake limekwisha kuanza kuondoka.

Mfukoni mwa Gisa simu ilitetemeka. Ilikuwa Bayingana. Aliipokea akiwa amekaa bado, kamera nzito mapajani, kilo zake zote zimerudi.

"Kijana! Umenipatia anayenitazama?"

"Hapana, bosi," Gisa alisema, na machozi ambayo hakuyatoa makaburini yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni. "Mpe kazi yule mwingine. Mimi ninayo ya mjomba."