Mchuzi Kwenye Zulia la Hadiya

Bakuli la mchuzi wa kuku lilipinduka juu ya zulia jioni ile Abdirashid alipomwambia mkewe kwamba anaoa mke wa pili. Hadiya hakulirusha, msije mkamsingizia. Lilimponyoka tu, na mchuzi wenye manjano ya kutosha arusi nzima ukamwagika katikati ya zulia, pale penye maua meupe. Mume aliruka kuokoa kanzu yake. Hadiya aliokota vipande vya kuku, akavirudisha bakulini na kusema, "Mwenyezi Mungu akujaalie kheri." Kisha akaenda kuosha mikono.

Tangu hapo akafa ganzi. Alipika, alifua, alimpeleka mwanawe Muhidin madrasa, akawaitikia majirani wa mtaa wao wa Bondeni, Nakuru, waliokuja kumpa pole huku wakimchungulia macho kama yamevimba. Hawakupata kitu. Chakula alikitia kinywani, lakini hakikuwa na ladha. Doa nalo likakaukia pale pale, na kila mtu akawa analiruka. Hata Abdirashid alipomweleza, huku akiangalia dari, kwamba shangazi zake bibi arusi wanakuja Ijumaa kutoka Naivasha kukagua chumba kipya, na kwamba sakafu tupu ya saruji itamwaibisha, Hadiya alisikia kama habari za mtu mwingine.

"Sasa zulia nitachukua hili, Mama Muhidin. Wewe nitakununulia mkeka."

"Chukua."

Zulia lile halikuwa la Abdirashid. Baba yake Hadiya alilileta kwa treni kutoka Mombasa, akalibeba begani mwenyewe kutoka stesheni mpaka Bondeni kwa sababu hakuwaamini wapagazi, akalitandika kwa mikono yake siku binti yake alipoolewa. Baadaye mzee akafariki, na hakuna kingine chake kilichobaki. Hadiya aliyajua hayo yote. Alijua pia kwamba neno lilikuwa limeshamtoka kinywani, na bado hakuhisi lolote.

"Lakini hiyo doa uitoe," mume akasema.

Hakulitoa. Haukuwa ukaidi, mikono tu haikutaka. Alhamisi mama mkwe, Bi Kadija, akaja kusaidia maandalizi, na doa bado lipo. Uvumilivu ukamwisha Abdirashid. Mwanamume huyu, ambaye tangu azaliwe hajafua hata leso, akakunja kanzu na kupiga magoti na kipande cha sabuni, ndoo ya maji na konzi ya magadi ya kuchemshia maharagwe, akasugua kama anayeosha gari la mizigo.

Mtu yeyote aliyewahi kufua vitambaa vya jikoni anajua sabuni huyafanya nini manjano. Yeye hakujua. Doa likageuka jekundu, na kila alipoongeza magadi likazidi kuiva, mpaka likawa rangi ya damu.

Akarudi nyuma kwa makalio. "Nini hii? Mama Muhidin! Umefanya nini hapa?"

"Mimi? Si sabuni uko nayo wewe?"

"Hii ni damu kabisa! Niweke damu mbele ya kitanda cha bibi arusi? Wale shangazi watasema ni nuksi, watarudi na mtoto wao Naivasha!" Jasho lilikuwa likimtiririka. "Inatoka na nini?"

Hadiya akafungua mdomo. Ndimu. Ndimu moja tu ingekamuliwa hapo, na wekundu ungerudi kuwa manjano, na manjano yangefifia juani. Tena ndimu ilikuwepo, kwenye sinia la chakula cha mchana, kando ya wali. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Ndipo akamkumbuka baba yake akiingia mlangoni, zulia begani, shingo imepinda kwa uzito, anacheka. Kitu kikamchoma kifuani, akatamani kulia na kumpiga mtu kwa pamoja.

"Sijui," akasema.

Abdirashid akamgeukia mama yake. "Mama, na wewe?"

Bi Kadija hakuwa mgeni wa manjano, amepikia arusi nusu ya Nakuru. Wala hakuwa mgeni wa kuletewa mke mwenza, maana marehemu mumewe alimletea wawili. Aliliangalia doa. Akaiangalia ndimu. Kisha akamwangalia Hadiya, kwa muda mrefu, kama vile hajawahi kumwona.

"Hilo halitoki, baba," akamwambia mwanawe. "Zulia liache hapo hapo kwa mwenyewe. Wewe kimbia sokoni ukatafute mkeka kabla hawajafunga."

Abdirashid akaondoka, kanzu imelowa magotini. Wanawake wakaketi kula. Bi Kadija akachukua kisu, akaikata ndimu, nusu akaikamulia kwenye wali wake mpaka tone la mwisho. Nusu ya pili akampa Hadiya.

Hadiya akakamua, akala tonge la kwanza. Lilikuwa kali mpaka taya zikauma. Machozi yakamtiririka, na akaendelea kula, ameketi juu ya zulia lake.