Ndoo ya Bibi Tekla

Karatasi ya shule niliisoma mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Ilikuja Julai, wiki shule zilipofunguliwa, mwanangu Asmaa kaikunja ndani ya daftari la hesabu. Juu imeandikwa "Taarifa Muhimu kwa Wazazi na Walezi." Mimi nikiona neno "muhimu" natafuta kwanza ni nani anataka nini kutoka kwangu. Nikapitia haraka: sweta la kijani lishonwe jina, ufagio wa chelewa, kucha zikatwe Jumapili, mtoto mwenye homa abaki nyumbani. Kipengele cha nane ndicho kilichonikalisha kitako. Kila mzazi alete mahindi kilo kumi na maharage kilo nne kwa ajili ya uji na makande ya shuleni. Hapo kalamu ikapiga mstari.

Chini kabisa kulikuwa na kipande cha kujaza na kurudisha. "Jina la mtu mwingine anayeruhusiwa kumchukua mtoto." Nikaandika HAKUNA, kwa herufi kubwa, nikatia sahihi, nikakikata kwa mkasi.

Msinione mtu mbaya. Naitwa Mwanakhamisi, nauza maharage hapa Mlandege, Iringa, mwaka wa kumi na moja huu. Mume wangu Ibrahimu anakaa Uyole kule Mbeya, anakusanya mzigo kwa wakulima na kunipakilia kwenye malori. Kwa hiyo mambo ya maharage nayajua. Najua kopo linavyobonyezwa kitako ili lishike pungufu, kwa sababu la kwangu limebonyezwa. Mtu asije akaniambia kwamba mpishi anashinda na magunia ya maharage mwaka mzima na mkono wake usiyaguse.

Mpishi mwenyewe ni bibi Tekla, mama wa makamo aliyepitiliza, Mhehe wa upande wa Tosamaganga, rozari shingoni, mgongo umeanza kuinama. Kila siku ya shule, saa tisa alasiri, anapita barabara ya mbele ya meza yangu akienda kwake, ndoo kichwani. Ndoo kubwa, nzito, imefunikwa kwa kitenge na kitenge kimefungwa kwa kamba. Nani anafunga ndoo kwa kamba kama haina kitu cha kufichwa? Na si hilo tu. Akibakiza hatua ishirini kufika kwangu, anavuka barabara. Anapita upande wa pili, uso chini, akinivuka anarudi upande wake. Kwa muuza nyanya havuki. Kwa fundi cherehani havuki. Kwangu mimi, muuza maharage, ndipo anapovuka.

Siku moja nilimwahi. Nikamkata njia akiwa katikati ya barabara.

"Kamwene, mama Asmaa," akanisalimia kwa Kihehe chao.

Ni mtu wa kumpa shikamoo yule. Sikumpa. "Umebeba nini humo?" nikamuuliza, huku mkono wangu ukienda kwenye kitenge.

Akaruka nyuma, ndoo nusura imwangukie. "Hapana, usishike, mama! Hii sio ya kushika wewe." Akaondoka mbiombio, na mimi nikabaki na uhakika.

Nikaanza kuweka kumbukumbu. Nyuma ya karatasi ile ile ya shule niliandika tarehe na saa: tarehe nane, saa tisa na dakika tano, ndoo imejaa. Tarehe tisa, kavuka tena. Juu kidogo kulikuwa na mistari miwili ya chapa iliyofifia, wino ulikuwa umewaishia. Sikuijali. Mimi nilikuwa na ya kwangu ya kuandika.

Halafu nikamgeukia mwanangu. Asmaa ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Ratiba yake niliipanga mwenyewe: anatoka shule saa saba na nusu, anakwenda madrasa hapo ng'ambo ya barabara kuu, mimi namkuta huko saa kumi nikishafunga meza. Jioni tukila nikamuuliza kama bibi Tekla anapima maharage kwa kopo au kwa mkono.

"Kwa kopo," akasema. "Halafu anachagua mawe. Mama, siku hizi sisi—"

"Ngoja kwanza. Chakula kikiiva anafanyaje?"

"Anachota kwenye sahani. Za wakubwa zote. Halafu anachota moja anaiweka pembeni, anaifunika."

"Pembeni?"

"Nyuma ya mlango."

Hapo nikamkatisha. Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Nikafurahi, kusema kweli, moyo wangu ulifurahi. Nikaongeza kwenye karatasi: sahani ya pembeni, shahidi ni mtoto.

Jumatatu nikaenda kwa mwalimu mkuu, mwalimu Kalinga. Ni mtu mpole, mwembamba, anaongea huku anapanga kalamu mezani. Nikamwaga yote: ndoo, kamba, kuvuka barabara, sahani nyuma ya mlango.

"Bibi Tekla ana miaka kumi na sita hapa," akasema.

"Basi hesabu mwenyewe ni magunia mangapi."

Akashusha pumzi. "Ile taarifa ya wazazi uliisoma yote, mama Asmaa?"

"Mara tatu."

Akaniambia kuna kikao cha wazazi Jumatano saa saba mchana, jambo langu litasikilizwa hapo. Nikasema mshukiwa hawezi kuendelea kushika funguo za stoo mpaka Jumatano. Nilisema kwa sauti, na mlango ulikuwa wazi, na walimu wawili walikuwa wanapita. Kalinga akakubali. Kuanzia kesho yake bibi Tekla akae nyumbani, jikoni aingie mtu mwingine. Nilitoka pale nikitembea kifua mbele.

Jumatano ikaamka na ukungu na ile mvua yetu ya Julai isiyonyesha, inayolowesha tu. Nilivaa baibui yangu nzuri, juu yake sweta, karatasi yangu kwenye mkoba. Nikafika mapema, saa saba kasoro. Nikasema nipite nyuma, nilione lile jiko kabla ya kikao.

Nikamkuta Asmaa. Amekaa chini ukutani nje ya jiko, magoti ndani ya sweta, midomo imepauka, begi mgongoni. Mbele yake mlango wa jiko umefungwa.

"Unafanya nini hapa? Mbona hauko darasani?"

"Tumetoka."

"Mmetoka saa ngapi?"

"Saa tano na nusu. Kila siku tunatoka saa tano na nusu, tangu tufungue. Mchana wanaingia darasa la tatu, vyumba havitoshi."

Nikahesabu. Leo ni wiki ya tatu.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia," akasema, na hakuwa ananilaumu, alikuwa ananijibu tu. "Ulisema ngoja kwanza, nikuambie ya maharage."

Nikachuchumaa. Mikono yake ilikuwa baridi mpaka nikaogopa. Nikamuuliza siku zote hizi alikuwa anakaa wapi.

"Kwa bibi Tekla. Siku ya kwanza nililia getini, wenzangu wote wamechukuliwa. Bibi akaniuliza mama yako yuko wapi, nikasema anakuja. Akasema njoo usubiri motoni. Tunachagua mawe. Halafu tunakula wote, sahani yetu ile ya nyuma ya mlango. Halafu ananivusha barabara mpaka madrasa, anasubiri niingie." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Jana na leo hajaja. Jana nilivuka peke yangu. Huyu mwingine amesema hakuna mtoto kuingia jikoni, kuna mzazi amelalamika kuna wizi."

Nilitoa karatasi kwenye mkoba. Nikaigeuza nyuma. Ile mistari miwili iliyofifia ilikuwa pale, juu ya tarehe zangu. "Kipengele cha kumi na mbili: kuanzia muhula huu darasa la kwanza watatoka saa 5:30 asubuhi. Mzazi ahakikishe mtoto anachukuliwa kwa wakati. Barabara kuu ni hatari." Chini yake, kwa mwandiko wangu mwekundu: ndoo imejaa.

Malori yanayotoka Mbeya yanapita kwenye barabara ile. Yanabeba maharage yangu. Nilimkumbatia mtoto na nikaona aibu mpaka masikio yakaniwaka.

Kikao kikaanza darasani, wazazi wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nilimpakata Asmaa, nimemfunika baibui. Bibi Tekla alikuwa amekaa peke yake karibu na dirisha, na ndoo iko miguuni pake, kitenge na kamba vilevile. Kumbe aliambiwa aje nayo. Mwalimu Kalinga akasema kuna mzazi ana malalamiko kuhusu chakula, asimame.

Nikasimama. Ningeweza kusema jambo lingine, ningeweza kusema nimeghairi, watu wangekwenda nyumbani. Nikasema, "Nilileta malalamiko kwamba bibi Tekla anaiba. Sahani niliyosema inafichwa ilikuwa ya mwanangu. Wiki mbili na zaidi mwanangu amelishwa na kuvushwa barabara na huyu mama, na mimi sikujua hata saa anayotoka shule."

Baba mmoja nyuma, mshabiki, akauliza, "Na ndoo je?"

Bibi Tekla akainama bila kuambiwa, akafungua kamba. Harufu ikatoka kabla ya kitu. Maji ya kusuuzia masufuria yaliyochacha tangu Jumatatu, ukoko wa uji, pumba, maganda ya viazi.

"Makombo," akasema. "Ya nguruwe zangu. Niliomba ruhusa kwa mwalimu tangu zamani." Kisha akanitazama mimi, mara ya kwanza siku ile. "Wewe ni Mwislamu, mama Asmaa, na unauza chakula cha watu. Nikasema sio adabu nikupitishie uchafu wa nguruwe mezani kwako, wateja wako wakaona. Ndio nikawa nafunika, navuka barabara. Na siku ile ulitaka kushika! Nilikuwa nakuepusha tu mimi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Kwetu mtu akikuona unavuka barabara kumkwepa anajua una deni lake au una ugomvi naye. Haikunijia kabisa kwamba mtu anaweza kuvuka barabara kila siku, na mzigo kichwani, kwa heshima yangu.

Asmaa akashuka mapajani kwangu. Akapita katikati ya madawati, akaenda kusimama kwa bibi Tekla, akaingiza mikono yake miwili ya baridi ndani ya mikono ya yule mama, kama kitu alichozoea. Bibi Tekla akaanza kuisugua.

Kikao kilipoisha nilimfuata dirishani. "Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba."

"Nisamehe."

Akafunga kamba ya ndoo taratibu, fundo la kwanza, fundo la pili. "Siku mbili nimekaa nyumbani, wajukuu wananiuliza nimeiba nini. Hilo litapoa, ila sio leo."

Nikamwomba mwalimu Kalinga faili la darasa la kwanza. Akanitafutia kipande changu, kile nilichokikata kwa mkasi. HAKUNA ilikuwa pale, kubwa, imekaza. Nikaikata kwa mstari mmoja, nikamgeukia bibi Tekla, nikamuuliza kama ataniruhusu niandike jina lake.

Alikuwa tayari ameshapandisha ndoo kichwani. Akaitazama ile karatasi, akamtazama Asmaa, akanitazama mimi na kalamu yangu nyekundu.

"Andika kwanza la kwako," akasema. "Kesho saa tano na nusu nikuone getini. Tutaongea la kwangu baadaye."