Siku ya Meli ya Vitunguu

Kila asubuhi saa tatu, Jacinta alisoma redioni kipindi chake kifupi kiitwacho "Siku Kama ya Leo": nani alizaliwa, nani alifariki, na jambo gani kubwa lilitokea tarehe hiyo miaka ya nyuma. Alikuwa Mkenya, mtangazaji wa Kiswahili katika kituo kidogo cha redio mtaani Buluk, mjini Juba.

Msikilizaji wake mwaminifu kuliko wote alikaa hatua kumi tu kutoka studio. Huyo alikuwa Nyakuma, muuza chai wa langoni, aliyeweka jiko lake kwenye kivuli cha ukuta na redio ndogo juu ya debe la sukari. Upande wa pili wa lango, juani, aliuza chai mwenzake Abang. Mambo yalipangwa hivyo kwa sababu Nyakuma ndiye mkubwa. Kitambulisho chake kilisema 1972, cha Abang 1974, basi kivuli kilikuwa cha Nyakuma, na maji yakiisha Abang ndiye aliyetumwa bombani.

Asubuhi moja ya Oktoba Nyakuma alimsimamisha Jacinta langoni.

"Jacinta, kila siku wewe nasoma watu ya mbali tu. Huyu nazaliwa, huyu nakufa. Mimi je? Mimi pia iko na siku." Miaka ya vita aliishi Koboko, Uganda, na Kiswahili chake alirudi nacho kutoka huko.

"Siku yako ni gani, mama?"

"Kitambulisho nasema tarehe moja, mwezi wa kwanza."

Kizza, fundi mitambo wa redio, alikuwa akinywa chai hapo. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mama, hiyo ni tarehe ya Juba nzima! Karani akikosa tarehe yako, anakuandikia hiyo. Mlinzi wetu Gatluak kazaliwa siku hiyo. Mke wake pia. Mpaka mama mkwe wake."

"Ndiyo mimi nasema! Hiyo ni siku ya karani. Siku yangu ni ile meli ya vitunguu nakwama kwa mchanga pale bandari ya mto. Asubuhi babu yangu nakufa. Mchana meli nakwama. Jioni mimi nazaliwa. Mambo matatu siku moja! Hao watu yako iko na matatu?"

Jacinta alikiri kwamba wengi wao hawakuwa nayo. Akaahidi kwamba tarehe ikipatikana, ataisoma.

Jumamosi wakaenda wote watatu mtaa wa Juba Na Bari kwa mzee Jubek, aliyewahi kuwa karani wa bandari. Waliposema tu meli ya vitunguu, mzee aligeukia mlango akaita, "Mama watoto! Wamekuja kuuliza habari za harusi yetu!"

Ikawa kwamba mzee Jubek alifunga ndoa siku ileile. Padri alikuwa katikati ya mahubiri mtu alipochungulia dirishani na kupiga kelele kwamba meli imekwama na mabaharia wanatupa magunia ya vitunguu majini ili ipate wepesi. Kanisa likabaki tupu. Wanakwaya waliondoka na majoho yao. Msimamizi wa bwana harusi aliondoka na pete mfukoni.

"Tukabaki mimi, padri, na bibi harusi," alisema mzee. "Nikageuka kumshika mkono, naye hayupo."

"Wewe ungenilisha nini jioni?" mkewe alijibu kutoka jikoni. "Nilirudi na vitunguu ishirini na saba ndani ya shela. Kwani sikurudi?"

Cheti cha ndoa kilitolewa kwenye sanduku. Tarehe nne, Novemba, 1978. Kizza akahesabu kwa vidole.

"Mama, wewe huna miaka hamsini na mitatu. Mwezi ujao unatimiza arobaini na saba!"

Nyakuma alifurahi kupita kiasi. Wiki nzima alimwambia kila mnywaji chai kwamba amepunguziwa miaka sita, na hata mwendo wake ulibadilika. Abang alimpongeza, akachukua madumu, akaenda kuchota maji.

Tarehe nne ilipofika, langoni palijaa watu. Jacinta alianza na 1922, Misri, ilipoonekana ngazi ya kwanza ya kaburi la mfalme Tutankhamun. Akaja 2008, Barack Obama kuchaguliwa rais wa Marekani. Hapo alikawia kidogo, maana alikuwa Mkenya. Kisha akasema:

"Na mwaka 1978, hapa Juba, meli ya vitunguu ilikwama. Siku hiyo alifariki mzee mmoja wa bandarini, na msibani kwake watu walilia sana, ingawa hakuna aliyejua ni majonzi au ni vitunguu vilivyokuwa vikikatwa. Jioni akazaliwa mjukuu wake, mama yetu Nyakuma. Hongera, mama!"

Watu walipiga vigelegele. Nyakuma alisimama, akafuta macho kwa ncha ya tobe, vazi alilojitanda mwilini. Redioni simu ikalia.

"Haloo, Jacinta? Ni mimi Abang, niko tu hapa nje kwa geti."

Wote waligeuka. Abang alikuwa amejibanza nyuma ya jiko lake, simu sikioni. Miaka ya vita yeye aliishi kambini Kakuma, na Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya.

"Hiyo siku mimi naikumbuka. Nilikuwa na kama miaka minne. Niliokota kitunguu nikakikula kibichi, mama akanichapa. Sasa nauliza tu. Kama mimi nilikuwa nakula vitunguu na Nyakuma bado hajazaliwa, mkubwa ni nani?"

Studioni Kizza akaweka muziki, kisha akatokea mlangoni.

"Hapana!" Nyakuma aliruka. "Mimi narudi tarehe moja, mwezi wa kwanza! Kizza, futa!"

"Imeshaenda hewani, mama."

Nyakuma aliwatazama watu mmoja mmoja. Wote walikuwa wakikagua glasi zao za chai. Mwishowe alihamisha jiko lake, kisha debe, kisha viti vifupi, akavuka lango na kuketi juani kwa kishindo. Abang akahamia kivulini bila haraka.

Kabla ya adhuhuri maji yaliisha. Abang alikohoa. Nyakuma akachukua madumu, akaenda, akarudi amelowa mpaka magotini. Hakuyatua. Alisimama mbele ya mwenzake.

"Abang. Hiyo siku, pale bandari, wewe naona mama yangu?" Mama yake alikufa vitani, na hakuacha picha hata moja.

Abang aliweka birika pembeni.

"Kulikuwa na nyumba moja nyuma ya ghala, wamama wameingia, wanatufukuza. Sisi watoto tunapiga kelele za vitunguu. Dirisha likafunguliwa. Mama mmoja mrefu, jasho usoni, akatuambia tunyamaze, yeye ana kazi."

"Mrefu?"

"Mrefu sana. Na sauti kama yako tu. Tulikimbia wote."

Nyakuma alitua madumu. Abang akasogea, akampa nusu ya kivuli, akammiminia chai.

"Wewe nasema tena," Nyakuma alisema. "Dirisha nafunguka, halafu?"